Picha Zilizopigwa Kuba Likiwa Limefungwa

Mhandisi huyu ni wifi ya jirani yetu mshonaji, na si mtu wa kuzusha mambo. Kazi yake ilikuwa kuifundisha darubini ijitegemee: jua likizama ifungue yenyewe kuba, paa la duara linaloifunika, isake asteroidi, yale mawe ya angani yapitayo karibu na dunia, izipige picha, na kukipambazuka ifunge. Zamani kazi hiyo aliifanya baba mkwe wake kwa mikono, miaka nenda miaka rudi, macho mekundu kama pilipili.

"Mwanangu," mzee alimwambia alipomkabidhi funguo, "chombo hiki hakikeshi peke yake. Ukimtoa mtu, kitatafuta mwingine."

"Basi na kahawa kijitafutie, baba." Wakacheka. Mwezi haukuisha, mzee akazikwa.

Siku moja, jua la utosi, mhandisi alipanda mlimani, kwenye kituo cha darubini, kukagua picha za usiku. Zote safi. Kisha akaona nyingine, zilizopigwa asubuhi ile, kuba likiwa limefungwa. Zilipaswa kuwa nyeusi tii.

Hazikuwa nyeusi.

Ya kwanza ilionyesha kitanda, kikitazamwa kutoka juu. Iliyofuata, shuka la maua analolijua. Kisha binti yake, amelala chali. Kila picha ilisogea karibu zaidi. Katika ya mwisho mtoto alikuwa amefumbua macho.

Anatabasamu.

Akampigia mumewe. "Mtoto yuko wapi?"

"Chumbani. Ana homa, hakwenda shule. Kwani vipi?"

"Kamwangalie. Usikate simu."

Akasikia nyayo. Mlango. Kisha mumewe akanong'ona: "Mke wangu... anaongea na dari. Anasema, 'Babu, mbona unaning'inia?'"

"Mtoe humo! Mtoe sasa hivi!"

Akashusha swichi kuu. Skrini zikazima. Kimya.

Juu ya kichwa chake darubini ikaanza kugeuka. Taratibu. Bila umeme. Ikainama, ikaelekea bondeni, upande wa nyumba yake.

Alitoka mbio, viatu akaviacha hukohuko. Nyumbani alimkuta binti mikononi mwa baba yake, homa imeshuka, anaomba maji. Hakukumbuka kuongea na yeyote.

Mhandisi akaingia chumbani, akainua macho.

Kwenye dari, juu kabisa ya kitanda, palikuwa na alama za viganja viwili, na katikati yake paji la uso, kama za mtu aliyeegemea kioo akichungulia. Zilikuwa za vumbi jeusi. Akalikusanya kwenye karatasi, likawa zito kuliko vumbi, zito kama chuma cha kimondo. Alipolisogezea sumaku, likasimama wima, kama vinyweleo vya mtu aliyeshtuka.