Ukuta Wenye Joto

Kila asubuhi Mama Mikate alikanda unga, akaufunika kwa kitambaa, akaliweka bakuli kwenye kiti, chini ya kisanduku cha umeme. Ukuta pale ulikuwa na joto. Unga uliumuka upesi.

Siku moja alikuja wifi yake, dada wa mumewe. Yeye ni fundi umeme.

"Wifi, bakuli limekosa nini hata likasimamishwa ukutani?"

"Cheka tu. Hapo pana joto la bure! Hata kitanda cha mtoto nimekisogeza, kiko upande wa pili wa ukuta huu. Analala fofofo."

Wifi hakucheka. Aligusa kisanduku, akaurudisha mkono haraka.

"Mtoe mtoto! Mtoe sasa hivi!"

 Mama Mikate alikimbia, akamnyakua mwanawe usingizini. 

Wifi alizima swichi kuu, akafungua kisanduku. Harufu ya plastiki iliyoungua ikawapiga puani. Waya mmoja ulikuwa mweusi kama mkaa.

"Lo! Kumbe tulikuwa tunalala na moto!"

"Umeme huingia humu kwa nyaya tatu," wifi alieleza. "Ni kama wapagazi watatu. Oveni, hita ya maji, pasi, jokofu, vyote kabebeshwa mmoja. Wenzake wana taa tu. Nani kafanya hivi?"

"Sisi wenyewe. Siku moja zile mbili zilikatika, huu ukabaki. Tukasema ndio wenye baraka, tukahamishia vyote."

"Na swichi yake haikujizima?"

"Ilijizima kila mara, ikatusumbua sana. Kaka yako akaleta mtu, akaweka kubwa zaidi."

"Kaka yangu jamani! Mbwa anabweka kwa kuwa kaona mwizi, wewe unamfunga mdomo!"

Wifi alitoa waya ulioungua, akaweka mpya na swichi inayoufaa. Oveni akaipa waya wa kwanza. Hita akaipa wa pili. Pasi, jokofu na taa vikaenda wa tatu. Akapima kila waya. Mizigo ilikaribiana.

Jioni vyote viliwaka pamoja. Mumewe aliporudi, alimkuta Mama Mikate kaegemeza kiganja kwenye kisanduku.

"Mke wangu, kulikoni?"

"Gusa na wewe, baba. Baridi, sivyo? Sasa tazama kile kilichokuwa karibu na kichwa cha mwanao."

Akamwonyesha ule waya mweusi. Baba aliutazama, akamtazama mtoto. Akaketi sakafuni.

"Kisanduku kikipata joto tena," mkewe alisema, "usimwite wa kuweka swichi kubwa. Tunazima, tunamwita dada yako."