Waya wa Kuanikia Nguo

Kila Jumamosi Nafula alifua nguo, na kaka yake Shiundu akazipandisha juu ya paa. Katika ploti yao ya Kayole, wapangaji wote walianika huko, kwenye waya mmoja wa chuma. Mama yao alikuwa amewagawia tabia njema kama anayegawa nyama mezani: "Mvulana haogopi. Msichana huvumilia." Nao, kwa bahati mbaya, walikuwa watoto wasikivu.

Jumamosi moja Shiundu aligusa waya kwa shati bichi la mwisho, ukamtetemesha mkono mpaka begani. Alishuka kimya, kwa kuwa mvulana haogopi. Jioni Nafula alipokwenda kuanua, waya ulimchoma vidole. Alivifumbata akanyamaza, kwa kuwa msichana huvumilia.

Jumapili, baada ya kanisa, Mama alifua sare zao za shule mwenyewe. Manyunyu yalikuwa yamelowesha paa. Nafula alipomwona akipanda ngazi na beseni, miguu mitupu, alimshika kaka yake mkono.

"Shiundu, ule waya..."

"Hata wewe ulikuchoma?"

Walitazamana kwa hofu, kisha wakakimbilia juu.

"Mama, usiguse! Waya una stima!" Nafula alipiga kelele.

"Wacha uoga! Si jana mlianika hapa?" Mama aliinua shati linalochuruzika maji.

Shiundu akampita Nafula. Mkono wa Mama ulizidi kuinuka.

"Ni ukweli, Mama! Jana waya huu ulinipiga!" Shiundu alilia. "Niliogopa kusema. Hata sasa naogopa!"

Mama hakuwa amewahi kumwona Shiundu akilia. Mkono ukasimama.

Okumu, fundi wa umeme aliyeishi ghorofa ya chini, aliitwa akaleta kipimo chake cha umeme. Kilipogusa waya, taa yake ndogo ikawaka. Kebo ya jirani ilikuwa imechubuka na kulalia nguzo ya waya ule. Okumu alikimbia kuzima umeme wa ploti nzima.

"Mama Shiundu, ungeganda hapo," alisema aliporudi. "Tungekuzika."

Mama aliketi palepale kwenye maji. Akawavuta wanawe wote wawili kifuani.

"Kosa ni langu," alisema. "Kuficha hatari si uvumilivu, wala si ujasiri. Ukiogopa, sema ukiwa unatetemeka hivyo hivyo. Ukweli hauulizi kama wewe ni msichana au mvulana."

Kisha akatazama sare zilizomponyoka kwenye maji machafu ya paa.

"Haya, shukeni mkazifue tena. Wote wawili."