Mgeni Asiyeagwa

Asubuhi ya mwaka mpya Hallbera alikuta bonge la theluji kando ya jiko, na theluji ile haikuwa imeyeyuka.

Lilikuwa na umbo la kisigino cha mwanamume. Jiko linawaka, uji unatokota, na bonge liko pale pale, jeupe na kavu kama chumvi. Hallbera aliligusa kwa ncha ya kiatu. Gumu. Akalizoa kwa koleo, akalitupa nje gizani, akarudi kukoroga uji. Mwanamke mwenye ng'ombe wa kukamua, mama mkwe mzee na mtoto wa miaka sita hana nafasi ya kushangaa theluji.

"Mama, nani alitoka nje jana usiku?" aliuliza.

"Mimi," Rannveig, mama mkwe wake, alijibu kutoka kitandani. "Si nilizunguka nyumba na taa, kama kila mwaka?"

"Na ukaingia na theluji yote ile?"

"Nina miguu, Hallbera. Ulitaka niache miguu mlangoni?"

Ikaishia hapo. Kuzunguka nyumba na taa usiku wa kuamkia mwaka ilikuwa kazi ya Rannveig tangu alipoolewa pale bondeni. Unaizunguka nyumba, unawaambia wale wasioonekana maneno yako, unaingia, unafunga. Hallbera hakuwahi kuyatilia maanani sana.

Alikuwa na la kumtia wasiwasi zaidi. Mumewe, Steinar, alivuka mlima kabla ya Krismasi kwenda kwa mwenye duka kuchukua unga, kahawa na mafuta ya taa. Dhoruba ikaja nyuma yake, njia ikafungwa. Nyumbani wakasema amekwama hukohuko, anakunywa kahawa ya watu na kunenepa. Hallbera alilisema hilo kwa sauti kubwa zaidi kuliko wote.

Bonge likarudi kesho yake, na siku iliyofuata. Kisha ikaja harufu: sufu iliyolowa na tumbaku iliyopoa, kwenye ncha ya benchi karibu na jiko. Mbwa wao, Kolur, akahamia kwenye zizi la ng'ombe, na kila alipoitwa alikuja hadi kizingitini, akatia mkia katikati ya miguu, akageuka. Halafu zikaja zile sauti. Mwanamume akiingia ndani kutoka kwenye baridi kali, barafu hupasuka kwanza ndevuni, tik, tik, kisha maji hudondoka sakafuni. Hallbera alikuwa akiisikia ikipasuka. Alikuwa akisubiri maji yadondoke. Hayakudondoka.

Mtoto wake, Una, ndiye aliyezoea upesi kuliko wote. Alianza kuketi kwenye ncha ile ya benchi, akitikisa miguu, akizungumza peke yake. Akaanza kukataa chakula cha moto.

"Uji unaniuma," alisema, na kusukuma bakuli hadi lipoe.

Hallbera alimshika mikono. Ilikuwa kama mikono ya mtu aliyetoka kuosha nguo mtoni.

"Umeshika theluji wewe?"

"Sijashika. Nilishikwa mkono tu."

"Na nani?"

Una alimtazama bibi yake. Rannveig aliendelea kufuma soksi. Ilikuwa soksi kubwa, ya mguu wa mwanamume.

Katika bonde lile milima hulificha jua tangu Novemba, na siku linapochungulia tena kwa mara ya kwanza hupikwa chapati za maji, na kahawa huwa nzito. Siku hiyo ilipofika, utepe mwembamba wa jua ukagusa dirisha na kutoweka. Hallbera alikuwa angali na kikaango mkononi Bersi alipobisha hodi. Bersi alikuwa jirani wa ng'ambo ya mto, mtu wa mdomo mrefu na mguu mrefu zaidi.

"Wachoyo nyie! Mnapika bila kualika watu. Harufu imenikokota hadi hapa kwa pua."

"Kwa pua hiyo, ungefika tangu jana," Rannveig alisema.

"Bibi, ulimi wako haugandi kwa baridi hata kidogo." Akakaa, akatwaa chapati. "Na Steinar yuko wapi? Mwambieni atoke. Kondoo dume wangu aliyemwazima amejua njia ya kurudi kwangu, sembuse yeye?"

"Steinar si yuko kwa mwenye duka," Hallbera alisema.

Bersi alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Dada, usinitanie hivyo. Mimi nilikuwa huko. Aliondoka kabla yangu, unga mgongoni, Krismasi haijafika. Mimi nilipita njia ya pwani kwa sababu mlima ulishaanza kuguna. Nikasema huyu amekwisha fika, amekwisha lala na mkewe." Alishusha chapati kwenye sahani. Sauti ikashuka pia. "Na sasa hivi nimempungia mkono. Amesimama pale kwenye ukuta wa mawe wa shamba lenu, upande wa kivuli. Hakunipungia. Nikajua amenuna kwa habari ya kondoo."

Kikaango kilianza kutoa moshi. Hallbera alikitoa jikoni, kwa sababu mtu lazima akitoe. Alipogeuka, Rannveig alikuwa ameinuka. Mama mzee hakupiga ukelele, hakuuliza swali, hakushika kifua. Alichukua chapati moja, akainyunyizia sukari, akaiweka kwenye ncha ya benchi pasipokuwa na mtu.

Wanaume wa bonde walikuja wakamtafuta kwa kuchomachoma theluji kwa fito kando ya ukuta. Theluji ilikuwa imepanda kupita kichwa cha mtu. Hawakupata kitu. Mwishowe Bersi alisema, bila kumtazama Hallbera usoni, kwamba kiangazi kitamrudisha, theluji ikiyeyuka.

Lakini kabla ya kiangazi ilikuwa lazima waivuke miezi ile ambayo kwa jina si ya baridi. Aprili ilikuja na mvua ya barafu. Mei, kondoo walipoanza kuzaa, ikaja dhoruba ya kaskazini iliyopofusha mchana, mtu akinyoosha mkono haoni kidole. Hallbera alitambaa kati ya zizi na nyumba akishika kamba, wanakondoo wameloa kifuani mwake. Mmoja alimweka zizini kwenye nyasi, kati ya ng'ombe wawili. Mwingine, aliyekuwa dhaifu, alimweka mahali pazuri kuliko pote: ndani, kando ya jiko, juu ya sweta kuukuu.

Aliporudi, wa zizini alikuwa amesimama akitafuta chuchu. Wa kando ya jiko alikuwa amekufa. Alimwinua, naye akainuka mzima mzima kama kipande cha ubao, miguu imekakamaa, sufu imeganda miiba, ilhali moto ulikuwa unawaka kiasi cha kuchoma mkono.

Hapo Hallbera alielewa, naye hakuwa mtu wa kuelewa mambo kama haya kwa kupenda. Kuna kitu mle ndani kilichokuwa kinakula joto, na hakikushiba, na joto la jiko hakikuweza kulitumia, kilitaka joto lililo na damu. Na kitandani, hatua chache kutoka pale aliposimama na mwanakondoo mikononi, mwanawe alikuwa amelala chini ya mablanketi manne, midomo ya buluu, tangu juzi hajainuka, na daktari yuko upande wa pili wa mlima ambao hakuna farasi angeuvuka.

Aliweka mwanakondoo sakafuni. Rannveig alikuwa ameketi kitandani kwa mtoto.

"Mama. Usiku ule wa mwaka mpya. Ulisema nini ulipozunguka?"

"Nilichosema miaka yote."

"Yaseme, niyasikie."

Upepo uliipiga nyumba ubavuni. Rannveig alitazama mikono yake. "Waje wanaotaka kuja," alisema.

"Endelea."

"Niliishia hapo."

"Kuna 'waende wanaotaka kwenda,' mama! Kuna 'wasinidhuru mimi na walio wangu'! Hata mimi nisiyejali nayajua."

"Nilimwona, Hallbera." Sauti ya mama mzee ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. "Nilifika kwenye kona na taa, yuko pale, nyusi nyeupe, unga mgongoni. Alifika hadi nyumbani, ukamshinda mlango tu. Sisi tulikuwa ndani tukisikia upepo, tukasema ni upepo. Mama gani anamwambia mwanawe aende zake?"

Kwenye ncha ya benchi, barafu ilipasuka. Tik.

"Mwambie sasa," Hallbera alinong'ona.

"Maneno yale ni ya usiku ule. Sasa yeye ni mgeni kama mgeni mwingine, na wajua mgeni hajifungulii mlango. Aliyemkaribisha ndiye amfungulie, amsindikize hadi kwenye ukuta wa shamba, la sivyo ataondoka na akili za nyumba nzima."

"Basi msindikize."

"Wewe una mtoto mmoja," Rannveig alisema. "Na mimi nina mtoto mmoja."

"Wako amekufa, mama. Wangu bado."

Mama mzee alitetemeka kama aliyezabwa kofi. Hallbera hakurudisha neno nyuma.

"Unadhani mimi simtaki?" alisema polepole. "Miezi yote hii nalala upande wangu wa kitanda nazisikia ndevu za mume wangu zikipasuka, sithubutu kugeuka, maana nikigeuka nitamkumbatia. Lakini huyu aliyeketi pale hajui kwamba anamwua Una. Steinar angejua."

Una alifumbua macho. Ukungu wa barafu ulikuwa umeshika kope zake.

"Bibi," alisema kwa utulivu, "baba anasema leo nitamaliza kuona baridi. Nikishamaliza, haiumi tena."

Rannveig alimfuta barafu kwenye kope kwa kidole gumba. Akakiinua kidole kwenye mwanga wa dirisha. Ile chembe nyeupe ilikaa juu ya ngozi yake, haikuyeyuka. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akachukua shali yake, akavaa glavu, akachukua na zile soksi kubwa alizomaliza kufuma.

"Haya, mwanangu," alisema, akielekea benchi. "Umekaa vya kutosha. Wenyeji wana kazi."

Benchi lililia kwa kuachwa na mzigo. Baridi ikaja katikati ya chumba kama mtu anayepita akiwa amebeba mlango wa chuma, na ilipofika mbele ya Hallbera ikasimama, ikamletea usoni harufu ya sufu iliyolowa na tumbaku na nyuma yake kitu kingine kidogo ambacho ni yeye peke yake aliyekijua, harufu ya shingo ya Steinar alfajiri, na mikono yake ikataka kwenda yenyewe, akaikunja chini ya aproni na kuifinya hadi kucha zikaingia nyamani, akatazama sakafu, akatazama mwanakondoo aliyekufa, hakutazama juu, hadi baridi ikampita.

Rannveig alifungua mlango. Nje palikuwa peupe pote, na pakinguruma.

"Namfikisha ukutani, narudi," alisema. "Usitie komeo."

"Shika kamba, mama."

"Kamba ni ya wanaokwenda zizini," Rannveig alisema. Akatoka, akiwa amenyoosha mkono mmoja pembeni, kiwiko kimekunjwa, kama mama mzee anayeshikwa mkono na mwanawe kwenda kanisani.

Nyuma yao sufuria ikafoka, uji ukamwagika juu ya jiko. Bonge la asubuhi ile, ambalo Hallbera hakuwa amepata nafasi ya kulizoa, lilikuwa dimbwi. Kitandani Una aligeuka, akapiga teke blanketi.

"Mama, joto! Nina njaa."

Hallbera alimlisha uji wa moto, naye mtoto akaula akiupuliza, jasho likamtoka chini ya pua. Hallbera alimlisha kwa mkono wake wa kulia, masikio yake yakiwa mlangoni. Ukutani hapakuwa mbali. Mtu angeweza kwenda na kurudi bakuli halijapoa. Bakuli lilikwisha. Akajaza jingine, nalo likaisha. Dhoruba ikazidi, mwanga wa dirishani ukawa wa kijivu, akafungua mlango mara moja na kuita, "Mama! Mama Rannveig!" na upepo ukamrudishia jina mdomoni. Akaurudisha mlango. Hakutia komeo, kama alivyoagizwa.

Ndipo hatua zikaja. Zilikuwa nzito, zikikanyaga theluji pasipo haraka, zikafika kizingitini zikatulia.

"Hallbera, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Rannveig mwenyewe, ile ya kila siku, imechoka kidogo. "Fungua. Tumerudi."

Hallbera alikuwa amekwisha shika kitasa. Alikisikia kile alichosikia. Sauti haikusema "nimerudi".

"Uko na nani, mama?"

Nje pakawa kimya, kimya ndani ya dhoruba.

"Fungua kwanza," sauti ilisema.

Huenda alikuwa ni mama mzee aliye hai, akili zimeyumba kwa baridi, ambaye baada ya muda mfupi angekufa akishika mlango wa nyumba yake. Hallbera alilijua hilo. Alilijua kwa uwazi wote, kama ajuavyo bei ya sufu. Akasukuma komeo, likaingia. Akavuta kasha la unga, akalikaza mlangoni, akarudi kitandani, akamkumbatia mwanawe.

Kitu kikaanza kukwaruza mbao, chini kabisa, taratibu.

"Nani huyo, mama?" Una aliuliza.

"Upepo."

Mtoto alisikiliza, kijiko mdomoni.

"Mbona upepo unaniita jina?"

Hallbera alimziba masikio kwa viganja vyake viwili, akakaza. Yalikuwa ya moto kama mkate.