Maua Yaliyoelea Kwenye Ndoo

Kila Jumamosi asubuhi, Sabuni alifuatana na shangazi yake kazini. Jina hilo alipewa na binamu yake, kwa sababu msichana huyo hakuweza kupita karibu na kioo chenye doa bila kulifuta. Binamu mwenyewe, ambaye naye hakukosa safari hizo, aliitwa Redio, maana akishaamka hazimiki mpaka alale.

Shangazi alikuwa mtunzaji wa matangi katika kituo cha kuotesha nyasi za baharini. Watu wengi huzichanganya na mwani, lakini hizi ni nyasi kweli: zina mizizi, zina majani marefu kama mikanda, na zina maua. Zile za tangi la dirishani zilipandwa na mama yake Sabuni, alipokuwa akifanya kazi hapo. Alizikusanya ufukweni baada ya mashine za kuchimba bandari kuzing'oa, akazipanda mche mmoja mmoja. Mama alifariki kabla hazijachanua. Viatu vyake vya mpira vilikuwa bado nyuma ya mlango wa kituo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvihamisha.

Jumamosi hiyo Shangazi alipunguza maji ya tangi lile mpaka majani yakalala juu ya maji, kama bahari inapokupwa. Alimwambia Sabuni afute vioo tu, kisha akaenda kuangalia pampu. Sabuni alipomaliza, aliona vitu vyeupe vidogo, kama chenga za mchele, vimetapakaa juu ya maji. Hakupendezwa. Tangi la mama liwe na taka? Akachukua wavu wa mkono, akavichota vyote na kuvikung'utia kwenye ndoo yenye maji ya bahari. Roho yake ikatulia.

Shangazi aliporudi, aliinama juu ya tangi, akakagua uso wa maji. Kisha akawaonyesha watoto maua jike matatu yaliyokuwa yamepanda kwa vikonyo virefu hadi juu ya maji. Aliwaeleza kwamba maua dume hukua chini kabisa, hukatika, yakaibuka yenyewe na kuelea yakiwatafuta wenzao. Ni madogo sana, meupe. Yasipowafikia leo, hakutakuwa na mbegu.

"Labda hayajakomaa," alisema taratibu. "Wifi yangu alizisubiri sana nyasi hizi." Akatoka kwenda kufungulia maji ili tangi lijae tena.

Sabuni akageuka kuitazama ndoo. Redio akamsogelea.

"Kamwage ile ndoo nje, upesi. Tunajua mimi na wewe tu, na mimi sisemi."

"Wewe, Redio? Usiseme?"

 Sabuni akatazama vile viatu nyuma ya mlango. Akainua ndoo kwa mikono miwili, akapita nayo ukumbini polepole, maji yakimlowesha magoti. Shangazi alikuwa ameshashika koki.

"Shangazi, usifungue. Maua yalitoka. Niliyachota mimi, nikidhani ni taka."

Shangazi hakumkaripia. Alichungulia ndani ya ndoo, akachungulia tena, kisha akaipokea na kwenda nayo haraka tangini. Akauzamisha ukingo wake majini na kuiinamisha kidogo kidogo.

Vile vitu vyeupe vikatoka. Sabuni alipovitazama kwa karibu aliona kwamba havikuwa taka hata kidogo. Kila kimoja kilikuwa ua kamili, limesimama wima juu ya maji kwa petali zilizojikunja, wala halikulowa. Upepo mwembamba wa dirishani ukayasukuma maua hayo. Yakateleza huku na huku, mpaka moja likafika karibu na ua jike. Hapo maji yalikuwa yamebonyea kidogo kama sahani, na ua lile likateleza ndani lenyewe. Likafuata la pili. Yakafuata mengine mengi.

Hakuna nyuki, wala kipepeo. Ni maji na upepo tu. Hata Redio alizimika.

Shangazi akafungulia maji. Yalipopanda, maua jike yakafumba polepole, chavua ikiwa ndani.

Siku zilivyopita, vikonyo vilijikunja kama springi, vikavuta matunda mpaka chini mchangani. Matunda yakapasuka, na mbegu zikatoa vijani vya kwanza.

Siku ya kuipeleka miche ufukweni, Shangazi alimwita Sabuni pembeni. "Kuchota maua kulikuwa bahati mbaya," alisema. "Kuja kuniambia, ulichagua mwenyewe. Ungeimwaga ndoo ile, mimi nisingejua, na miche hii isingekuwepo. Ukikosea, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa."

Kisha akaenda nyuma ya mlango, akakung'uta vumbi kwenye vile viatu vya mpira na kumpa. Vilimpwaya kidogo. Sabuni akavivaa, na walipofika ufukweni akabeba mche wa kwanza, akaingia majini.