Pumzi ya Dereva

Tanuri za kiwanda zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo, lakini mtambo wa kupima hewa uliendelea kuonyesha sumu. Kazi yake ilikuwa kuvuta hewa ya nje mchana kutwa na usiku kucha, kupitia bomba lililotokeza juu ya paa la kibanda, na kupima mvuke wa zebaki na risasi. Fundi aliyeutunza, mwanamke wa maneno machache, aliona namba zikipanda akadhani bomba limeziba.

Mumewe, dereva wa lori pale pale kiwandani, alikuja wale pamoja chakula cha mchana. Wenzake walimwita Kicheko. Alimtania mkewe kwamba mafundi wa siku hizi wanaogopa vumbi, akachomoa bomba kwenye mtambo, akalitia mdomoni, akapuliza.

Kitu kikampulizia na yeye.

Alikohoa, akacheka, akaendelea kula. Namba zikashuka hadi sifuri. Fundi alishukuru, ila alisikia harufu ya nywele zinazoungua na hakujua inatoka wapi.

Harufu ikawafuata nyumbani. Mama mkwe wa fundi, aliyeishi nao, aliuliza nani kaunguza kitu. Kicheko akaacha kucheka. Alishinda sebuleni ameikodolea macho dari, na kila alipovuta pumzi mapazia yalimsogelea, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka mchana mmoja mtoto wao aliyekuwa akitambaa miguuni pake akaanza kutweta kama aliyezama majini, midomo ikimgeuka rangi, huku chumba kizima kikijaa sauti ya kufyonza, ya taratibu, isiyochoka, ambayo fundi aliitambua mara moja kwa sababu ndiyo aliyokaa nayo kazini miaka yote.

Mtoto alitolewa nje, akapata nafuu. Mganga akaitwa, mama mmoja mkavu asiye na makeke. Alimfukiza dereva ubani, akauliza ni nani aliyemo.

"Nilikuwa napita zangu," sauti isiyo ya Kicheko ilijibu. "Wakanivuta."

"Basi toka. Njia iko wazi."

"Nimeshazoea kuvuta."

Mganga alisoma mpaka jasho likamtiririka. Mwishowe dereva alianguka kama gunia, na harufu ikakatika. Alipozinduka aliomba maji, akamtania mama yake kwamba amezeeka ghafla. Wote wakacheka huku wakilia. Mganga akaenda zake.

Alasiri Kicheko alisinzia kitini, mtoto kamlalia kifuani. Mama mkwe alikuwa jikoni akiimba. Fundi aliweka kiganja chini ya pua ya mumewe, apate tu raha ya kuisikia pumzi yake. Hewa ikaingia. Akasubiri itoke. Ikazidi kuingia, ndefu, baridi, ikipita katikati ya vidole vyake, na mtoto akaanza kutweta.

Fundi akamnyakua mtoto, akatoka mbio pekupeku hadi barabarani. Nyuma yake mlango ulivutwa kwa ndani, ukajibamiza.

Jikoni, wimbo ukakatika.