Dorine na Jua la Matogoro

Jua lilikuwa likichomoza nyuma ya milima ya Matogoro, na vumbi la stendi ya Songea liking'aa kama dhahabu, Dorine alipobonyeza kamera yake. Kijana aliyekuwa akipakia robota la mitumba kwenye basi la Tunduru aligeuka.

"Dada, mbona unanipiga picha bila ruhusa?"

"Sijakupiga wewe. Nimepiga jua, wewe umeingia tu."

Kijana akacheka. Alivaa jaketi la ngozi juu ya kanzu. "Basi hilo jua likisafishwa, niwekee nakala. Naitwa Abdulswamadu."

Huo ulikuwa mwaka 1993. Dorine, mpiga chapa wa ofisi moja mjini, alipenda mwanga wa alfajiri kuliko usingizi. Majirani wa mtaani kwake, Mjimwema, walisema msichana anayezurura na kamera gizagiza ni mhuni. Hakuwajibu, aliwapiga picha wakisema.

Abdulswamadu akawa anakuja mara kwa mara kutoka Tunduru, kisha akawa anampigia simu ofisini.

"Jua langu, hujambo?"

"Sijambo, mtu wa mitumba. Umeninunulia filamu?"

"Mbili. Na moyo wangu juu yake."

Siku moja akapiga simu, sauti imepoa. "Mama anauliza, ukiolewa utaacha kamera?"

"Na wewe je? Unataka niiache?"

Kimya. Dorine alisubiri, kisha akaubamiza chini mkono wa simu. Tangu hapo, Abdulswamadu akipiga, wenzake Dorine ofisini walijibu, "Hayupo."

Jumamosi moja Dorine alikuwa amechuchumaa kando ya barabara, akiwapiga picha akina mama wanaopeleka maharage sokoni, umande ukiwaka miguuni mwao. Kivuli kikaanguka mbele yake.

"Toka kwenye mwanga wangu."

"Simu ilikatika, Dorine!" Abdulswamadu alikuwa na vumbi la safari hadi kwenye kope. "Nilipiga kelele mpaka watu wa posta wakacheka."

"Ulisema nini?"

"Nilisema usiache. Mama nimeshamwambia: nikimuoa Dorine, kamera inakuja naye. Nikuoe niondoke nawe, au unifukuze."

Dorine alishusha kamera. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. "Twende kwa baba. Sasa hivi."

Mzee Edmund, katekista, aliitikia shikamoo zao na kusikiliza ombi lao bila kuwatazama. "Binti yangu haolewi na asiyebatizwa."

"Sitabadili dini, baba, wala yeye habadili. Tutafunga ndoa bomani."

"Bomani! Nani wa ukoo huu atasimama nawe huko?"

Mama yake Dorine, Walburga, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya mgeni, alitua ungo wa mchele, akakaza kitenge kiunoni.

"Mimi," alisema. "Dorine, mpe mwenzio maji ya kunawa. Hajala tangu Tunduru."