Sakoshi za Moto ya Nizigama

Kila asubuhi Nizigama wa Luvungi alifuta pikipiki yake kabla hata ya kunawa uso. Mkewe Kaneza alimtania, "Ungeoa hiyo moto!"

Kaneza alikuwa mjamzito, na siku zake zilikaribia. Milio ya bunduki ilisikika milimani. Wakati wowote wangelazimika kukimbilia Uvira, kwa dada yake Kaneza, mtaa wa Songo.

Nizigama akanunua sakoshi mbili, mifuko ya kuning'iniza pembeni mwa pikipiki, kubwa kuliko zote sokoni. Unga na sufuria akajaza kushoto. Nguo za mtoto akaweka kulia, kwa kuwa kwenye bariere za barabarani askari hupekua upande wa kulia, na nani ataiba nguo za kichanga? Alijiona mjanja kweli. Akaenda kujaribu. Kwenye kona ya kanisa, uzito wa kushoto ukaivuta pikipiki, ikalala chini, naye juu yake. Nguo za mtoto zikanuka moshi.

Jirani yao Pudentienne, muuguzi aliyezoea kupandisha dawa milimani Bijombo kwa pikipiki, alimsaidia kuinuka.

"Nizigama, inaitwa moto! Jina peke yake halikukuonya? Angalia, sakoshi iko inaungua kwa bomba ya moshi."

"Lakini Mama, minye nilifunga na nguvu."

"Weye ulifunga na nguvu, haukufunga muzuri. Huku kamba imelegea. Sakoshi ikiingia mu rayo, bile byuma bya katikati ya tairi, tairi inakwama, bibi yako anaanguka na tumbo yake."

Mjanja akanywea.

Walibadilisha sakoshi sokoni kwa hasara, wakachukua ndogo zenye mikanda. Kaneza akagawa unga pande zote mbili, akazipima mikononi kama ndoo za maji, mpaka zikalingana uzito. Pudentienne akazifunga kwenye chuma cha mizigo, mkanda mmoja mbele na mwingine nyuma, juu zaidi ya bomba zisiliguse.

"Sasa tikisa," Pudentienne akasema. "Ikicheza, funga tena. Na mukienda kidogo, simama, kaza."

Siku chache baadaye Luvungi yote ilikimbia. Mashimo yalikuwa mengi, lakini pikipiki haikuyumba. Kwenye bariere askari alichukua unga wa sakoshi ya kulia. Ule wa kushoto ukafika Songo, na Kaneza akafika mzima.

Mtoto alikuwa wa kike. Wakamwita Pudentienne. Siku ya ubatizo, Kaneza alimvalisha kigauni chenye tundu lililounguzwa na bomba. Dada yake akaleta sindano.

"Acha, usishone," Kaneza akasema huku machozi yakimtoka. "Mu hii tundu njo asante yetu kwa Mama Pudentienne iko."